Yaliyobaki nje ya fremu: kuandika na kutangaza kumbukumbu za mpigapicha wa uchunguzi

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba ile picha yangu ya malori yakimwaga taka za kiwanda mtoni niliipata baada ya kukesha kichakani peke yangu, mbu wakinila, hadi kunapambazuka. Niliisimulia mara nyingi mno hata nikaiamini. Siku nilipokaa kuandika sura hiyo nikatoa bahasha ya negativu, zile filamu zilizosafishwa, pamoja na kijitabu changu cha siku zile. Kijitabu kinasema nilifika saa tatu kasorobo usiku na kuondoka saa nne na dakika ishirini. Na fremu ya 14, yaani picha ya kumi na nne kwenye mkanda ule wa filamu, ambayo haikuwahi kuchapishwa popote, ina kiwiko cha mtu ameshika tochi. Nikamkumbuka dereva aliyenipeleka. Nilikuwa nimemfuta kabisa, kwa sababu tu hakuonekana kwenye picha iliyotoka gazetini.

Anayetaka kuandika kumbukumbu za kazi hii aanzie hapo. Picha zetu zilizojulikana zimemeza kumbukumbu zetu. Tumezitazama mara elfu, tumezieleza kwenye mahojiano, na kila tulipozieleza tumepunguza kidogo na kuongeza kidogo. Ukiandika kutoka kichwani utaandika maelezo marefu ya picha ambazo watu wameshaziona. Kitabu chenyewe kimo kwenye fremu zilizotangulia na zilizofuata.

Hatua ya 1: Rudi kwenye mikanda kabla ya kuandika neno

Tenga miezi miwili au mitatu ya kutazama tu. Kama ulipiga kwa filamu, mkanda mmoja wa milimita 35 una fremu 36 hivi, na negativu hukaa kwa mpangilio uleule uliopiga. Ziweke juu ya kisanduku cha mwanga, chukua kioo cha kukuzia, anza fremu ya kwanza. Usiruke zilizoharibika. Picha iliyotikisika hukuonyesha mahali ulipoogopa. Fremu sita mfululizo za mlango uliofungwa hukuonyesha ulisubiri nini.

Kwa picha za kidijitali, faili lenyewe limehifadhi tarehe, saa, aina ya lenzi na pengine mahali uliposimama. Lakini saa ya kamera ni shahidi wa kutiliwa shaka. Wengi wetu tulisafiri bila kuibadilisha, au betri iliisha ikarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Tafuta fremu yenye saa ya ukutani, tangazo lenye tarehe au kivuli kirefu cha jioni, ulinganishe. Ukishajua kamera ilikosea kwa saa ngapi, rekebisha safari nzima.

Kisha andika orodha yenye safu nne: ninachokumbuka, kinachoonekana kwenye fremu, kinachosema kijitabu, anachosema mtu mwingine aliyekuwepo. Pale safu hizi zinapogombana ndipo penye sura nzuri. Usikimbilie kuamua nani mkweli. Wakati mwingine ugomvi wenyewe ndio hadithi.

Kama unadhani hili ni la wasahaulifu tu, kumbuka yaliyompata mpigapicha wa vita Robert Capa. Alishuka pamoja na wanajeshi pwani ya Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, na kwa miongo kadhaa dunia iliambiwa kwamba alipiga fremu zaidi ya 100, zote zikayeyushwa na joto la kabati la kukaushia filamu huko London isipokuwa kumi hivi. John Morris, aliyekuwa mhariri wake wa picha, alilisimulia jambo hilo karibu maisha yake yote. Watafiti walipoichambua habari hiyo kwa makini, Morris mwenyewe, akiwa mzee sana, alikiri kwamba huenda fremu hizo nyingine hazikuwahi kupigwa. Hakuna aliyesema picha zilizobaki ni za uongo. Kilichoyumba ni hadithi iliyozizunguka, na wewe unakwenda kuandika kitabu kizima cha hadithi zinazozunguka picha.

Hatua ya 2: Amua unaandika kitabu gani

Kuna kitabu cha picha chenye maneno, na kuna kitabu cha maneno chenye picha. Ni bidhaa mbili, zina wachapishaji tofauti, karatasi tofauti na wasomaji tofauti. Wengi wetu tunataka vyote ndani ya jalada moja, na matokeo yake ni kitu kizito cha kuweka mezani ambacho hakuna anayekisoma. Ushauri wangu: kama ni kumbukumbu, maneno ndiyo yabebe mzigo.

Ukishaamua hivyo, chagua uchunguzi nane hadi kumi na mbili, si zaidi. Najua inauma. Una miaka thelathini ya kazi na tuzo ukutani, na kila safari ilikuwa na visa vyake. Msomaji hahitaji rejista ya safari zako. Anahitaji swali moja linalomvuta toka mwanzo hadi mwisho. Kwa mmoja swali hilo ni: nilikuwa na haki gani ya kuwa pale? Kwa mwingine: kwa nini nilirudi kila mara huku nyumbani wakiniita? Uchunguzi usiogusa swali lako, hata kama ulibadilisha sheria, utaje kwa sentensi moja na upite.

Hatua ya 3: Andika dakika tano kabla na dakika tano baada

Hapa ndipo penye ufundi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme una picha ya mwanamke ameshika kiatu cha mtoto mbele ya machimbo yaliyoporomoka. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Mwanamke alisimama mbele ya machimbo, ameshika kiatu kidogo. Macho yake yalijaa huzuni isiyoelezeka. Nilijua hapo hapo kwamba nimepata picha itakayoitikisa dunia."

Sentensi ya kwanza inaonekana kwenye picha. Ya pili haisemi kitu, maana ukiandika "isiyoelezeka" umekiri kwamba umeshindwa kueleza. Ya tatu ni sauti ya mtu aliyeshapokea tuzo, amerudi nyuma kumsemea yule aliyekuwa bado hajui. Sasa tazama fremu za pembeni na uandike upya:

"Kiatu hakikuwa chake. Alikiokota kwa sababu kilikuwa njiani na alihofia nitakikanyaga. Nilikuwa nikirudi kinyumenyume, jicho kwenye kamera, naye akaniambia, 'Angalia mguu, mwanangu.' Nikabonyeza. Kesho yake mhariri alinipigia simu kuuliza jina la mtoto aliyefariki, nami sikuwa na jina la mtoto wala la mama."

Nimeutunga mfano huu, lakini kila mmoja wetu ana wa kwake. Toleo la pili lina kosa, lina mtu anayesema, na lina deni linaloanza kulipwa katika sura nzima. Na ukiliweka karibu na picha iliyochapishwa, msomaji atairudia kuitazama.

Vijitabu na maelezo ya picha ndiyo hazina yako hapa. Lewis Hine, aliyeanza mwaka 1908 kupiga picha za watoto wakifanya kazi viwandani Marekani kwa niaba ya National Child Labor Committee, kamati iliyopinga ajira ya watoto, alikuwa akiingia kwa kujifanya mtu mwingine, mara muuza Biblia, mara mkaguzi. Alijua kila kifungo cha kizibao chake kiko umbali gani kutoka chini, kwa hiyo alimpima mtoto urefu kwa kusimama tu karibu naye, huku akiandika mkono ukiwa mfukoni. Urefu ule ulikuwa ushahidi. Angalia basi na wewe ulikuwa na vifungo gani: mbinu ndogondogo za kazi, namna ya kuficha kadi ya kumbukumbu, namna ya kupoteza muda mlangoni hadi mlinzi akuzoee. Mambo ambayo kwako ni ya kawaida kiasi kwamba unataka kuyaruka, msomaji ndiyo atakayoyasimulia kwa rafiki yake. Isipokuwa mbinu ambayo wenzako bado wanaitegemea leo. Hiyo iache ilipo.

Kuhusu kasi: kumbukumbu nyingi huwa na maneno kati ya 70,000 na 90,000. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, maneno 80,000 yanakamilika kwa wiki 32. Usipange sura mbili nzito zifuatane. Wapo wenzetu waliodhani wameyamaliza yale waliyoyaona, mpaka walipoanza kuyaandika, usingizi ukapotea tena. Weka sura nyepesi katikati, mwambie mtu wa nyumbani unaandika nini wiki hii, na ukiona hali haiishi nenda kwa mtaalamu. Mswada utasubiri.

Hatua ya 4: Waendee walio kwenye picha

Gazeti lilipochapisha picha yako, lilikaa mezani siku moja. Kitabu hukaa miaka. Kwa hiyo ruhusa uliyopata wakati ule, kama uliipata, haitoshi kila mara.

Mwaka 1971 W. Eugene Smith alipiga picha ya mama akimwogesha binti yake aliyeathiriwa na sumu ya zebaki huko Minamata, Japani. Ni miongoni mwa picha zilizoifanya dunia ielewe kilichokuwa kikitendeka pale. Binti alifariki baadaye, picha ikaendelea kuzunguka, na familia ikachoka. Mwaka 1998 Aileen Smith, aliyefanya kazi ile pamoja na mumewe na kubaki na hakimiliki, aliwakabidhi wazazi uamuzi juu ya picha hiyo, na wakati ule ikaamuliwa isichapishwe tena. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Mimi nimelifikiria jambo hilo zaidi kuliko somo lolote la maadili nililowahi kukaa darasani kulisikiliza.

Fanya hivi: orodhesha kila mtu anayetambulika, kwa sura au kwa maelezo. Unaoweza kuwafikia, wafikie. Msomee mtu sehemu yake na umwonyeshe picha, vyote viwili. Mimi dereva wangu nilimsomea kwa simu tu, akakubali kwa sharti nisimtaje jina, nikaridhika. Nitaeleza mbele kilichonipata.

Kwa chanzo uliyemwahidi siri, ahadi haikuisha kwa sababu umestaafu. Kubadilisha jina pekee hakumfichi: kazi yake, lafudhi yake, idadi ya watoto wake, siku mliyokutana, vyote vinaweza kumtaja. Mpe sura hiyo mtu anayeifahamu taasisi husika, umuulize kama anamtambua. Akimtambua, punguza tena. Na msomaji umwambie mapema kwamba baadhi ya majina na mambo yamebadilishwa. Usivae ukweli usio nao.

Hatua ya 5: Nani mwenye picha, na nani anaweza kukushtaki

Kupiga picha hakukufanyi uwe mmiliki wake. Ulipokuwa umeajiriwa, mara nyingi hakimiliki ni ya mwajiri. Ulipofanya kazi kwa kujitegemea, inategemea ulichotia sahihi. Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour walianzisha Magnum, shirika la wapigapicha, mwaka 1947 kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo, ili mpigapicha abaki na haki ya picha zake. Tafuta mikataba ya zamani, kila mmoja. Gazeti likiwa limekufa, ujue nani alinunua maktaba yake. Omba ruhusa kwa maandishi ikitaja kitabu, lugha, idadi ya nakala na matoleo ya kielektroniki. Anza mapema, maana barua hizi hujibiwa kwa mwendo wa kinyonga.

Kuhusu kashfa, yaani kushtakiwa kwa kumchafulia mtu jina: zipo nchi ambako aliyeandika ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli. Kila tuhuma kwenye mswada iwe na ushahidi wake ndani ya faili moja: negativu, nyaraka, sauti iliyorekodiwa. Kisha mlipe wakili wa masuala ya habari asome. Akikuambia "ondoa", muulize "nikiiandikaje inapita?" Mara nyingi kuna njia: eleza ulichokiona kwa macho yako, acha kumhukumu mtu nia yake.

Hatua ya 6: Mchapishaji na ubora wa picha

Kwa vitabu vya aina hii wachapishaji wengi hawahitaji mswada mzima. Wanataka pendekezo: kurasa chache za kueleza kitabu ni nini na kwa nini ni wewe, muhtasari wa kila sura, sura moja hadi tatu zilizokamilika, na maelezo ya wasomaji unaoweza kuwafikia. Sura ya mfano isiwe ile ya picha maarufu. Wahariri wanajua utaandika nini hapo. Wape ile ambayo hawakutegemea.

Picha za ndani ya kitabu cha maneno mara nyingi huwekwa pamoja katikati, kwenye karatasi nzuri zaidi, kurasa 8 au 16, kwa sababu vitabu huchapwa kwa mafungu ya kurasa. Kwa hiyo una nafasi ya picha ishirini hivi. Chapa nzuri huhitaji pikseli, yaani nukta za picha, 300 kwa kila inchi: faili lenye upana wa pikseli 3,000 linatoa picha ya inchi 10. Walioanza na kamera za kidijitali za mwanzo watapata mshtuko. Nikon D1 ya mwaka 1999, iliyoonekana muujiza siku zile, ilitoa pikseli 2,000 kwa 1,312, yaani picha isiyofika inchi 7 kwa upana. Usiikuze kwa nguvu. Iache ndogo, iwe na ukingo mweupe, inapendeza. Negativu ziskani upya badala ya kutumia nakala zilizoskaniwa zamani kwa ajili ya tovuti.

Ukichapisha mwenyewe, mlipe mhariri na msanifu wa kurasa kabla ya kufikiria jalada lenye dhahabu. Basi.

Hatua ya 7: Kutangaza bila kumaliza kitabu

Anza miezi sita kabla ya kutoka. Wahakiki na waandaaji wa vipindi wanahitaji nakala za mapema miezi minne hivi kabla, kwa sababu ratiba zao hujaa. Andaa bahasha moja ya kielektroniki: maelezo ya kitabu kwa maneno 150, wasifu wako kwa maneno 100, picha yako, jalada, na picha tatu ambazo vyombo vya habari vinaruhusiwa kutumia bila malipo vikiandika juu ya kitabu. Kila picha iwe na maelezo kamili na jina la mwenye haki. Usipozitoa wewe, watachukua yoyote watakayoikuta mtandaoni, ikiwa imekatwa vibaya.

Kabla hujatuma au kupandisha picha yoyote, ondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, hasa za mahali. Nimeona mtu amemficha shahidi wake kwa sura nzima ya kitabu, halafu akaweka mtandaoni picha ya ua wa nyumba ya shahidi huyo ikiwa na taarifa kamili za mahali ilipopigwa.

Cha kuonyesha wakati wa kutangaza ni fremu ambazo hazijaonekana. Picha maarufu watu wanazo. Onyesha fremu iliyotangulia na iliyofuata, ile maarufu ieleze kwa maneno, nyamaza. Moja kwa wiki inatosha. Ule mfululizo wa mkanda mzima, wenye alama ulizochora kwa kalamu nyekundu wakati wa kuchagua, huvuta watu kuliko picha yoyote iliyosafishwa, kwa kuwa wanaona mtu akifikiri. Lakini kwanza uupitie fremu kwa fremu: uliyemkata wakati ule ili kumlinda asije akatokea sasa.

Kwenye mazungumzo ya hadhara, dakika 20 na picha 12 zinatosha. Soma kurasa mbili, zisizidi. Jiandae kwa swali litakaloulizwa kila mahali: "Kwa nini hukuweka kamera chini ukasaidia?" Usilijibu kwa hasira, wala kwa jibu ulilolikariri hadi likang'aa. Toa mfano mmoja wa siku uliyoiweka chini na mmoja wa siku ambayo hukuiweka. Kwenye redio na podikasti hakuna picha, na kumbe ndiko nilikouza nakala nyingi zaidi. Inakulazimu kusimulia, na msikilizaji hubaki na hamu ya kuona.

Usisahau vyuo vya uandishi wa habari, maktaba, vyama vya wapigapicha na makundi ya watu wanaopigania mambo uliyoyachunguza. Kitabu kimoja kikiingia kwenye orodha ya kusomwa darasani huuzwa kila mwaka, bila kelele.

Hatua ya 8: Fungua faili la marekebisho siku hiyohiyo ya uzinduzi

Watu watakuandikia. Mmoja atasema tarehe si hiyo, mwingine atasema yeye ndiye aliyesimama kulia, si nduguye. Andika kila kitu, hakiki, na umwambie mchapishaji kabla hajachapa tena.

La kwanza kwenye faili langu lilikuja wiki ileile. Nilimpelekea dereva nakala yake mkononi. Alifungua moja kwa moja kwenye kurasa za picha, kama wafanyavyo wote, akafika kwenye fremu ya 14. Maelezo chini yake yalisema kiwiko ni cha mtu aliyenipeleka usiku ule. Akatazama, akacheka, akakunja mkono wa shati kunionyesha kovu refu la moto alilolipata utotoni. Kiwiko cha kwenye picha hakina alama yoyote.

"Mimi nilikuwa garini, nimezima taa," akasema. "Huyu ni yule kijana aliyetuonyesha njia, kaka. Umemsahau?"